Mvinyo wa Rocchina na Samaki wa Ijumaa

"Ondoa hiyo sahani, mama," alisema mnunuzi kabla hata hajavua kofia. "Na hiyo nyingine. Na hayo majani pia."

Rocchina alikuwa ametandika meza tangu alfajiri. Ndani ya pango lake la mvinyo, lililochongwa kwenye jiwe laini la mlima kama mapango yote ya Barile, mji wao mdogo wa kusini, aliweka kitambaa cheupe, jibini kavu ya kondoo iliyokatwa vipande vyembamba, zeituni nyeusi, na majani mabichi ya shamari yenye harufu tamu na matone ya maji. Kwa mgeni ilikuwa ukarimu. Kwa mtu wa biashara ilikuwa mitego mitatu juu ya kitambaa kimoja. Shamari ikishapita ulimini, hata mvinyo ulioanza kuchacha huonekana mtamu. Jibini ndiyo kabisa, huufunika ubaya kama theluji inavyofunika shimo la takataka. Wafanyabiashara wa mvinyo wana kanuni yao, nayo ni ya zamani kuliko kanisa la pale mtaani: nunua kwa tufaha, uza kwa jibini. Tufaha halimsaidii muuzaji, huanika kila kasoro ya mvinyo.

Mnunuzi alitoa tufaha mfukoni.

Aliitwa Ivano Zambelli, mtu wa Bologna kule kaskazini, na kazi yake ilikuwa kuzipelekea hoteli za huko mvinyo wa chupa. Alikuwa na tumbo la mtu anayekula vizuri na macho ya mtu anayekula kwa gharama ya wengine. Alikata kipande cha tufaha kwa kisu kidogo, akakitafuna polepole huku akimtazama Rocchina.

"Nimeonywa," alisema. "Mwaka themanini na moja binamu yangu alikula jibini yako hapahapa, akajaza lori zima. Lilipofika Foggia lilikuwa siki."

"Lilipofika Foggia," alijibu Rocchina, "lilikuwa lake."

Shemeji yake Canio, aliyekuwa ameegemea mlango wa pango, alicheka puani. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya koti, kifuani, na Rocchina alijua umeshika nini.

Mwaka huo wa themanini na tisa, Ulaya ilikuwa inawalipa watu wang'oe mizabibu yao. Mvinyo umezidi, walisema wakubwa. Mtu anajaza fomu, anataja hekta zake, trekta linapita, hela inaingia. Shamba lile la mteremkoni lilikuwa la ndugu wawili, Canio na Savino mume wa Rocchina, na Savino alipokufa nusu yake ikabaki kwa mjane. Canio alikuwa na miaka sitini na mgongo wa miaka tisini. Alishasaini. Ilibaki saini ya Rocchina, na mwisho wa kupeleka fomu ulikuwa Jumatatu.

Walikuwa wamegombana mwezi mzima, kisha wakapeana mikono mbele ya kasisi. Rocchina akiuza mapipa yao matatu kabla ya Jumatatu, kwa mtu atakayeyatia kwenye chupa kwa jina la hapa na kwa bei ya mvinyo wa chupa, fomu itaingia jikoni kuwashia moto. Asipouza, atasaini. Naye Rocchina, kwa yote yaliyosemwa juu yake, hakuwahi kurudi nyuma baada ya kutoa mkono. Alidanganya kwa jibini, hakudanganya kwa mkono.

Alikuwa binti wa kibarua. Aliolewa hajui kusoma, akajifunza namba kwenye mizani na herufi kwenye risiti. Mume alipokufa, wanaume wa mtaa walimpa mwaka mmoja tu. Akawapa wao miaka kumi na saba. Aliwauzia watu wa kaskazini waliokuja na malori kununua mvinyo mzito wa Aglianico, zabibu nyeusi za pale, kwa ajili ya kuutia rangi ule wao uliopauka, kama mgonjwa anavyoongezewa damu. Damu ile haikuwa na jina popote. Hakuna aliyeuliza imetoka kwa nani, kwa hiyo Rocchina naye hakuona sababu ya kusema kila kitu. Watu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Rocchina alikuwa ameuza vyote viwili, na hakuwahi kuona chema kikijiuza chenyewe.

Sasa mkosi wake ulikuwa huu: mvinyo wa mapipa yale matatu haukuwa na kasoro. Ulikuwa wa vuno la themanini na sita, umekaa kwenye mapipa ya mbao za chesnati bila kuguswa, msafi kama mlio wa kengele. Hakukuwa na kitu cha kuficha. Lakini alfajiri ile mikono yake ilitandika meza ya kuficha, kwa mazoea tu, na sasa mtu wa Bologna alikuwa anatafuta kilichofichwa.

Zambelli alivuta mvinyo kwa mrija kutoka pipa la kwanza, akanusa, akaupitisha mdomoni, akautema sakafuni. Uso wake ulijikunja.

"Mama, hii ni ngozi ya viatu."

"Una ukakasi. Ndivyo ulivyo."

"Ulimi wangu umekauka kama nimelamba ukuta."

"Umelamba tufaha, halafu umekunywa Aglianico. Hata mimi ningetema. Huu si mvinyo wa kunywa ukiwa umesimama, bwana. Huu unataka chakula."

"Ahaa!" Zambelli alipiga kiganja mezani, karibu na sahani ya jibini. "Chakula. Nilikuwa nasubiri neno hilo."

Canio alicheka tena. Rocchina alitaka kumweleza, lakini kila neno la kweli alilokuwa nalo lilikuwa na sura ya ule uongo wake wa zamani. Zambelli alionja pipa la pili, akatema. Hakuligusa la tatu. Alifuta mrija wake kwa kitambaa, akautia kwenye mkoba, akatazama saa. Gari lake lilikuwa pale juu, na huyu ndiye mnunuzi pekee wa mvinyo wa chupa aliyeshuka mpaka Barile tangu Krismasi.

"Basi usile kwangu," alisema Rocchina.

Zambelli alisimama.

"Jaza chupa mwenyewe, kutoka pipa unalotaka. Ziba mwenyewe, ibebe mwenyewe. Panda mtaani, chagua mlango wowote. Wakupe walichopika, sitagusa sufuria wala chumvi. Ukimaliza kula, ukasema mvinyo haufai, nenda na Mungu."

"Mlango wowote?"

"Wowote."

Mtu wa Bologna alikuwa na udhaifu mmoja, alipenda dau. Macho yalimng'aa. Alinyosha mkono na Rocchina akaushika.

Ndipo Canio aliposema taratibu, kama anayetaja hali ya hewa, "Shemeji, leo ni Ijumaa."

Ijumaa. Ijumaa ya Kwaresima! Hakuna nyumba itakayokuwa na nyama. Barile nzima ilikuwa inapika samaki mkavu wa chumvi, na hakuna maadui wakubwa chini ya jua kama samaki yule na mvinyo ule. Wakikutana mdomoni hutoka ladha ya chuma, mtu akadhani ameng'ata ufunguo. Rocchina alikuwa amepiga hesabu ya kila kitu asubuhi ile isipokuwa siku. Alitazama mkono wake, bado uko ndani ya mkono wa Zambelli. Ahadi ilishatoka.

Walipanda mtaani watatu. Zambelli mbele na chupa yake, Canio katikati, Rocchina nyuma. Mbele ya kila mlango harufu ilikuwa ileile, mafuta ya zeituni na chumvi ya bahari, bahari ambayo wengi wa mtaa ule hawakuwahi kuiona. Rocchina alipiga hesabu upya kwa haraka. Kwa mwalimu kungekuwa na maharage, hayo yangesaidia. Kwa mwenye bucha, ambaye hakuingia kanisani tangu harusi yake, huenda kungekuwa na kondoo. Mlango wa bucha ulikuwa hatua thelathini mbele. Ishirini. Zambelli alipunguza mwendo.

Kisha akageuka, akamuuliza Canio, "Katika mtaa huu, nani hampendi kabisa huyu mama?"

Canio hakufikiri hata kidogo. Alinyosha kidole upande wa pili wa barabara. "Vituccia."

Vituccia Grieco alikuwa na jambo lake na Rocchina tangu mwaka kaka yake alipohamia Ujerumani. Pango la kaka lilipaswa kubaki kwenye ukoo. Rocchina alilinunua jioni moja kwenye kituo cha treni, kaka akiwa na sanduku mkononi. Vituccia alipata habari baada ya siku tatu, kutoka kwa mtu mwingine.

Alifungua mlango akiwa na mwiko. Aliwatazama wote, akasikiliza maelezo ya Zambelli mpaka mwisho, na uso wake ukachanua kama wa mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Karibu, bwana, karibu sana. Canio, ingia. Wewe Rocchina baki hapo mlangoni, nikuone mikono."

"Mikono yangu unaijua."

"Ndiyo maana."

Lilikuwa jiko dogo. Mezani palikuwa na mkate, na motoni samaki mkavu aliyeloweshwa siku mbili, mnene, mweupe, na juu yake pilipili hoho kavu zilizokaangwa zikawa nyekundu na nyepesi kama karatasi. Vituccia alijaza sahani mpaka ukingoni. Zambelli alikaa, akamimina mvinyo kwenye bilauri. Alichota samaki kwa uma.

Rocchina angeweza kunyamaza. Labda mafuta ya hoho yangeokoa. Labda mtu wa Bologna alivuta sigara nyingi, ulimi umechoka. Miaka yote hiyo alikuwa ameishi kwa labda za namna hiyo, na mara nyingi zilimlipa. Alivuka kizingiti na kuweka kiganja juu ya bilauri.

"Mikono!" alipiga kelele Vituccia.

"Usinywe na samaki," alisema Rocchina. "Utasikia chuma."

Zambelli alimtazama kutoka chini. "Tulikubaliana, mama. Mlango wowote, walichopika."

"Tumekubaliana na sirudi nyuma. Kunywa. Nakwambia tu utakachokisikia kabla hujakisikia. Mwanzoni chumvi, halafu chuma, kama umeng'ata ufunguo. Halafu uchungu utakaa hapa." Aligusa koo lake. "Hata nyumbani kwangu samaki huyu simpi mvinyo huu. Nampa maji."

Aliondoa kiganja. Canio alikuwa ameshatoa fomu nje ya koti. Sasa aliishika waziwazi, imekunjwa mara mbili. Zambelli alikula samaki, akanywa. Mafuta yaliendelea kupiga kelele kwenye kikaango. Alimeza kwa shida na kushika koo, palepale Rocchina alipogusa.

"Chuma," alisema.

"Nilijua mimi!" Vituccia alimgeukia Canio. "Si nilisema mvinyo wake ni sumu?"

Lakini Zambelli hakusimama. Alikuwa anamtazama Rocchina kwa namna nyingine, kama mtu aliyeona fundi akitaja ugonjwa wa injini kabla ya kufungua boneti.

"Na nikila hoho peke yake?"

"Na mkate, na mafuta yake. Ukakasi utalegea, si wote. Kutatokea kitu kama tunda kavu la cheri. Kitakuja nyuma, si mbele."

Alikula, akanywa, akangoja. Aliitikia kwa kichwa, kama anayehesabu. "Kimekuja."

"Hoho zangu hizo," alisema Vituccia haraka. "Mtu asijisahau. Hoho zangu."

"Na nikila jibini?" Zambelli aliuliza. Swali lilikuwa jepesi mno, na Rocchina aliona ndoana ndani yake. Pale dirishani Vituccia alikuwa na jibini nzuri ya kondoo, jibini ya adui, isiyoweza kuhesabiwa kuwa mtego. Angesema ndiyo, mtu angekula, mvinyo ungekuwa asali, na biashara ingekwisha.

"Jibini itausaidia," alisema, "kama ambavyo ingeusaidia hata ungekuwa siki. Usinunue mvinyo kwa jibini, bwana. Si wangu wala wa mtu yeyote."

Vituccia aliacha mwiko. Canio alimtazama shemeji yake kana kwamba amevua nguo barabarani.

"Kwenu siku za baridi mnapika nini?" Rocchina aliendelea kabla hajajuta.

"Soseji nene ya nguruwe ya kuchemsha. Inatoa mafuta mpaka mezani."

"Hicho ndicho chakula chake. Mafuta yale yanataka kisu, na ukakasi huu ndio kisu."

Zambelli alimgeukia mwenye nyumba. "Mama, una soseji?"

"Leo?" Vituccia alijishika kifua. "Ijumaa ya Kwaresima? Nyumbani mwangu?"

"Dhambi ni yangu. Nitaibeba mpaka Bologna."

Vituccia alisimama akipima mambo mawili, dini yake na hamu ya kujua. Hamu ilishinda. Alipanda kistuli, akageuza picha ya mtakatifu ikatazama ukuta, kisha akatoa kabatini chungu cha soseji zilizohifadhiwa kwenye mafuta ya nguruwe. Alikaanga moja na kuiweka mbele ya mgeni bila kumtazama, mafuta meupe yakiyeyuka juu yake.

Rocchina hakusema tena atasikia nini. Alirudi mlangoni.

Zambelli alitafuna kipande chenye mafuta mengi, akanywa. Tangu asubuhi alikuwa ametema au amemeza kama dawa. Safari hii alimeza, akakata kipande kingine, akanywa tena bila mtu kumwambia, halafu akafuta sahani kwa mkate.

"Mapipa mawili," alisema hatimaye. "Niliyoonja. Kwa chupa, kwa jina la Barile." Akataja bei.

"Matatu," alisema Rocchina, na kuongeza lira mia mbili kwa lita.

"Mia moja, na mawili. La tatu nililinusa kwa mbali. Zabibu zake zimetoka mahali pengine."

Pua yake ilikuwa nzuri. Rocchina alibisha, kwa kuwa mtu asiyebisha huonekana ameiba, lakini kufikia mara ya tatu alijua mtu huyu hasogei tena. Ukivuta kamba iliyofika mwisho, unabaki na kipande. Alinyosha mkono.

Kwao, kwenye kuuza na kununua, mikono miwili iliyoshikana haitoshi. Lazima mtu wa tatu aipige kwa ukingo wa kiganja chake na kuitenganisha. Bila hivyo biashara bado ni maneno. Canio hakuweza, mapipa yalikuwa na nusu yake. Wote watatu walimtazama Vituccia.

"Mimi? Nimpitishie huyu biashara?"

"Piga, Vituccia," alisema Rocchina. "Soseji imeshaliwa."

"Dalali hafanyi kazi bure."

"Lita ishirini."

"Hamsini, na uje kuzimimina mwenyewe."

"Thelathini, nakuja."

Vituccia alipiga kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Gari la Zambelli lilipoondoka, Canio alikuwa bado barabarani na fomu yake mkononi. "Mapipa matatu, tulisema. Mbele ya kasisi. Moja limebaki. Kalamu ninayo."

"Ninajua tulichosema, na nitasaini," alisema Rocchina. "Lakini kwanza niambie, pipa la tatu limetoka wapi?"

"Chini, karibu na kijito."

"Kule ambako baridi inaunguza machipukizi miaka miwili kati ya mitatu. Kule ambako mgongo wako ulikufa. Yale mawili yametoka juu, kwenye udongo mweusi, na umemwona mtu wa Bologna akifuta sahani. Ng'oa ya chini. Hela yote ya Ulaya kwa ile hekta chukua wewe, hata nusu yangu. Ya juu iache, niilime mimi, nikupe robo ya mvinyo kila mwaka bila wewe kuinama."

"Tulisema yote."

"Tulisema nikiuza yote, na nikikosa yote. Nimeuza theluthi mbili. Kasisi hakutuambia la kufanya na theluthi mbili."

Canio alitazama mteremko. Hakuwa mpumbavu; alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hupenda biashara ambayo haimtaki ainame.

"Theluthi moja ya mvinyo," alisema.

"Robo."

"Theluthi, au saini sasa hivi, yote."

Rocchina alijua pale pia kamba imefika mwisho. Ilimuuma. "Theluthi," alisema. "Ila mashina ya mizabibu utakayong'oa ni yangu. Hakuna kuni zinazochoma kondoo kama hizo, na mwenye bucha ananunua."

Canio aliweka fomu juu ya goti, akafuta namba ya hekta, akaandika nyingine, ndogo. Akampa kalamu. Rocchina aliisoma namba ile mara mbili, tarakimu kwa tarakimu, ndipo akasaini.